Nilimtanguliza Profesa kwa Adabu, Adabu Ikaniponza

Machozi ya Ijumaa iliyopita sitayarudia. Aliyeyakosa nitampa kwa ufupi, maana leo yamekuja mengine.

Mimi ni Sheila Bochaberi. Nafundisha vipindi vya hapa na pale katika chuo kimoja Migori mjini, na miaka yote hii nimekuwa nikiitafuta shahada ya uzamifu. Utafiti wangu ni wa zebaki, ile dawa ya maji maji ambayo kina mama wa machimbo ya Osiri huitumia kunasia dhahabu. Wanaikoroga kwa mikono mitupu, halafu wanaichoma kwenye jiko lile lile la ugali.

Kupima zebaki mwilini kulihitaji nywele zao. Jamani, huku kwetu nywele za mtu hazichukuliwi ovyo. Ukikutwa na nywele za jirani kwenye karatasi, utaeleza ulikuwa unazipeleka kwa nani.

Milka ndiye aliyeniokoa. Mama huyo alianza kuosha dhahabu mimi nikiwa bado sijazaliwa. Alichukua mkasi akakata zake mbele ya wenzake, akasema, "Nikifa mtajua nani aliniua!" Wakacheka, wakakata zao. Nami nikaapa mbele yao kwamba majibu yatachapishwa mahali ambapo yeyote mwenye simu atayasoma bila kulipa hata senti.

Kiapo hicho ndicho kinachonichinja. Kuna majarida ya wasomi yanayokuchapisha bure, lakini msomaji anakuta kufuli na kuambiwa alipe. Mengine yako wazi kwa dunia nzima, ila anayelipa ni wewe uliyeandika. Niliyomwahidi Milka ni yale ya wazi. Makala yangu ikakubaliwa, nikaruka hadi mume wangu Mogire akadhani nimeng'atwa na kitu. Kisha ikaja ada: laki tatu na elfu sabini.

Watafiti wa nchi kama yetu huwa wanasamehewa. Mimi sikusamehewa, na kisa ni adabu.

Jarida hutaka jina la mwandishi mmoja wa kuwasiliana naye, na ada hukadiriwa kwa anwani ya huyo. Mimi niliyelelewa kuinuka mkubwa akiingia, ningejitangulizaje mbele ya Profesa Nchagwa, mzee aliyenisimamia tangu mwanzo? Nikamweka yeye. Chini ya jina lake nikaandika anwani aliyonipa mwenyewe, ya chuo kikuu kimoja cha Ulaya anakofundisha kila mwaka kwa ziara. Wazungu wa jarida wakaona Ulaya, wakasema lipeni bei ya Ulaya.

Na kwa kuwa Profesa hapendi shida ya barua pepe, alinipa neno lake la siri zamani sana. Barua zake huingia kwenye simu yangu, nami huzijibu kwa jina lake. Usishangae. Waulize wanafunzi wengine kama wao hawafanyi hivyo.

Jarida likashauri kwamba chuo cha Profesa huwalipia walimu wake, basi na aiombe maktaba ya huko. Nikaomba kwa jina lake. Jibu la maktaba ndilo lililonizimisha wiki jana: "Hatuna mtu wa jina hilo."

Sasa ilikuwa Ijumaa. Jarida lilikuwa limetupa hadi jioni ile, la sivyo makala ianguke.

Nilikwenda kwa Kaltum asubuhi. Kaltum ana duka sokoni Migori, mbele anauza mabuibui na nyuma ana saiba, chumba cha kompyuta na kuchapisha karatasi. Ndiye rafiki ninayeweza kulia mbele yake bila kupangusa uso kwanza.

Aliisoma ile barua, akavua miwani.

"Sheila, mzee wenu wamemkana."

"Ni karani tu amekosea."

"Karani? Wacha wewe! Ebu niambie, huyu Profesa aliandika ukurasa gani hapa?"

"Hakuandika."

"Osiri alifika?"

"Alifika siku moja. Jua likamuumiza kichwa, akarudi."

"Na jina lake ndilo linaongea na wazungu."

"Kaltum, yeye ni mkubwa. Ulitaka nifanyeje?"

"Heshima si utumwa, dadangu."

 

Kaltum akausogeza mwili wake mkubwa karibu nami, akanong'ona ingawa hakukuwa na mteja. "Si barua zake unaandika wewe? Andika moja ya mwisho. 'Siko tena Ulaya, niko Kenya.' Wakadirie upya, wakusamehe, makala itoke, tukale pilau. Wallahi hakuna atakayejua."

Nilichukua simu. Niliandika neno "Siko" nikasimama hapo hapo. Kuandika asante na salamu kwa niaba ya mtu ni jambo moja. Kutangaza kwamba mzee mzima hana kazi, wakati mimi mwenyewe sijui ukweli wake, hilo ni jambo lingine. Nikalifuta.

"Siwezi kumfukuza kazi baba wa watu kwa kidole changu."

"Basi nenda akajifukuze mwenyewe. Na uende sasa hivi!"

Sijafika mlangoni, simu ikaita. Milka.

"Nyar Kisii, umeamkaje?" Ananiita hivyo, binti wa Kisii, na akitaka kunichokoza ananiita Daktari ilhali sijawa. "Yule ofisa wa serikali tuliyemlilia juu ya zebaki anakuja leo alasiri. Mwenye mgodi amemwambia sisi tunatunga, eti hakuna zebaki mwilini mwa mtu. Ofisa naye amesema hataki karatasi ya kuchapwa saiba. Anataka iliyotoka kwenye jarida, aifungue mwenyewe kwa simu yake."

"Itakuwa tayari, mama."

"Usiniaibishe, Daktari. Kichwa kilichokatwa kwanza ni changu."

Nikaondoka kwenda Homa Bay, nyumbani kwa Profesa.

Mlango ulifunguliwa na Mama Zilpah, mke wa Profesa. Profesa ni Mkuria wa Ntimaru, lakini alioa kwa Wajaluo na nyumba akajenga huku kwa wakwe. Mama alikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Sisi Waadventista chakula cha Jumamosi, Sabato yetu, hupikwa Ijumaa, jiko lizimwe kabla ya jua kutua, kwa hiyo nilimkuta katika ile mbio ya kila wiki.

"Karibu, nyathina, mtoto wangu! Keti. Kula kwanza."

"Mama, nina haraka, namtafuta Mzee."

"Haraka ya nini? Maneno hayaongelewi na tumbo tupu nyumbani kwangu."

Nikala. Samaki alikuwa mzuri na sikumsikia ladha. Mama Zilpah akawa anazungumza huku akikanda, bila kunitazama. "Kesho Mzee ndiye mgeni wa heshima kanisani. Tunachangia jengo. Wamemtengenezea bango kubwa, wamemwandika Profesa wa Ulaya."

Alilisema lile neno Ulaya kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Profesa akatoka chumbani, suruali imepigwa pasi, ndala miguuni. "Binti yangu! Makala yetu imefika wapi?"

"Imefika Ulaya, Profesa. Imekwama mlangoni pa chuo chako."

Nikampa simu. Aliishika mbali na uso, akaisoma, akanirudishia haraka.

"Hawa ni makarani. Hawawajui walimu wa ziara."

"Basi tuwapigie. Wewe unawajua wakubwa wao."

"Saa hizi wamefunga."

"Profesa, kule bado ni asubuhi."

Akakohoa. "Basi wewe lipa. Nitakurudishia."

"Nilipe na nini?" Hapo joto likaanza kunipanda. "Mogire ameshauza pikipiki yake ya mizigo nikalipia maabara. Nyumbani kilichobaki cha kuuza ni Mogire mwenyewe!"

Mama Zilpah akaacha kukanda. "Baba, mwambie mtoto ukweli."

"Zilpah, nenda jikoni."

"Niko jikoni. Mwambie."

Profesa akaketi. Aliangalia ndala zake. 

Mama Zilpah akasema yeye. "Kule walimwachisha, nyathina. Huu ni mwaka wa pili. Wakati wake wa safari ukifika anavaa koti, tunamsindikiza watu wakiona, mimi nasema amekwenda Ulaya. Kumbe yuko Lambwe kwa shamba la dadangu, anachunga mbuzi hadi miezi iishe."

Woi! Profesa Nchagwa! Mtu aliyekuwa akinirudishia sura nzima kwa sababu nimesahau mwaka wa marejeo mmoja, yuko Lambwe na mbuzi, sisi huku tunamuombea safari njema!

Nilimwonea huruma. Sitadanganya, nilimwonea huruma sana, nikatamani nisingeliingia nyumba ile. Halafu nikamkumbuka Milka na mkasi wake.

Nikapunguza sauti. "Profesa, hakuna anayekucheka. Ni mistari miwili tu. 'Siko tena katika chuo hicho. Anwani yangu ni Kenya.' Ada itafutwa leo leo. Atakayesoma ni mzungu mmoja asiyekujua."

"Mmoja?" Akainua macho, yamekuwa mekundu. "Na makala ikitoka? Anwani mpya si itakaa chini ya jina langu? Si ni wewe ulishikilia lazima iwe wazi kwa kila mwenye simu? Wazee wa kanisa langu wana simu, Sheila. Watu wangu Ntimaru wana simu. Ungekubali jarida lenye kufuli, nani angejua?"

Sikuamini masikio yangu.

"Kwa hiyo nywele za wale kina mama zikatupwe kwa sababu ya bango la kanisa?"

"Chunga mdomo wako."

"Nimeuchunga miaka yote!" Nilikuwa nimesimama na yeye ameketi, na katika maisha yangu sijawahi kumsimamia mkubwa kichwani. "Hukuandika ukurasa. Hukuweka hata koma! Osiri ulikuja ukakimbia jua. Nilikuweka mbele kwa heshima tu, Profesa, na wewe umekaa hapo mbele kama gogo, hupiti na hunipishi!"

Mama Zilpah akaweka mikono kichwani. 

  Profesa akanyoosha mkono.

"Lete simu."

Nikampa kwa mikono miwili. Nilimfungulia pale barua za jarida zilipo, nikarudi nyuma.

Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, akifuta na kuandika tena. Sikuchungulia. Mtu mzima akiandika aibu yake kwa mkono wake mwenyewe, unageuza uso ukatazama ukuta. Ndivyo mama yangu alivyonifunza. Niliutazama ukuta huku machozi yananitiririka, nikimshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Nimemaliza," akasema. Aliizima simu kabla ya kunipa. "Nimewaeleza kila kitu. Wameshaipata."

Nikapiga magoti. "Profesa, nisamehe kwa sauti yangu."

"Nimekusamehe. Nenda, binti yangu. Sabato njema."

Mama Zilpah alinisindikiza hadi getini akiwa amenishika kiuno. Aliniombea tukiwa tumesimama pale, akanifungia samaki kwenye gazeti. "Ero kamano, nyathina," akasema, ananishukuru mimi! "Umemtoa mume wangu gerezani. Nimechoka kudanganya watu."

Nilitembea hadi kwenye duka la simiti pale barabarani, nikaweka samaki chini, nikafungua simu. Nilitaka tu kuiona ile mistari miwili kwa macho yangu.

Haikuwa miwili. Alikuwa ameandika hivi, kwa Kiingereza chake kile kizuri:

"Mhariri mpendwa, leo nimegundua kwamba mwanafunzi wangu amekuwa akiwaandikia kwa jina langu bila idhini yangu. Anwani aliyoiweka si yangu. Nikiwa ndiye mwandishi wa mawasiliano, naomba makala hii iondolewe mara moja. Wenu, Nchagwa."

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimeketi kwenye mfuko wa simiti. Mwenye duka akaniuliza kama nataka kununua ama ninapumzika.

Asante ya punda kweli ni mateke. Mzee ameniuza ili bango lisiondolewe! Na uchungu zaidi ni huu, kwamba zile barua kweli niliziandika mimi. Nani atanisadiki nikisema alinipa ruhusa kwa mdomo, sebuleni kwake, akinywa chai?

Simu ikatetemeka mkononi. Jarida limejibu, na jibu, kama kawaida, limekuja kwangu likimsalimu yeye.

"Profesa, pole kwa yaliyokupata. Makala imeondolewa. Tutakiarifu chuo cha mwanafunzi huyo kuhusu udanganyifu huu."

Kidole kiliniwasha kuandika, "Puuzeni barua iliyotangulia." Ningeweza. Neno la siri bado nilikuwa nalo. Lakini nikiandika tena kwa jina lake, nitakuwa nimethibitisha kwa mkono wangu kila alilonisingizia. Na nikiandika kwa jina langu, mimi ni nani kwao? Wao humsikiliza mwandishi wa mawasiliano tu, na huyo nilimchagua mwenyewe.

Nikakimbia kurudi. Samaki nilimwacha hapo hapo.

Geti lilikuwa limefungwa. Niligonga hadi Mama Zilpah akaja, hakufungua.

"Amejifungia chumbani, nyathina. Anasema Sabato inakaribia, hataki maneno tena." Akaniona uso. "Kuna nini? Si ameandika?"

Nikamsomea kupitia vyuma vya geti, neno kwa neno, nikilitafsiri. Nilipofika pale kwenye "bila idhini yangu" alinishika mkono nisimalizie. Alirudi nyuma hatua, akaketi chini kwenye changarawe na nguo yake safi.

"Nchagwa," akasema. "Woi, Nchagwa, mtoto wa watu!"

"Mama, mlete atoke. Tafadhali. Jarida halijafunga, aandike tena tu."

"Mimi nimemwacha akiwa amepiga magoti anaomba, Sheila. Nitamwambia nini mtu anayeomba?"

Nililia pale getini bila aibu. Wapita njia walidhani kumefiwa. Nililia shahada, nikalia pikipiki ya Mogire, nikalia ule upumbavu wangu wa kutazama ukuta.

Simu ikaita tena.

Sikutaka kushika. Iliita ikakatika, ikaita tena. Mama Zilpah, bado yuko chini, akaniashiria niipokee.

"Nyar Kisii!" Sauti ya Milka ilikuwa juu, ya furaha. "Ofisa amefika. Mwenye mgodi pia amekuja na watu wake, wamekaa upande ule, sisi tumekaa upande huu. Hata wale waliokataa kukata nywele wamekuja. Nimekuweka kwa spika. Tuambie sasa, inasomeka?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Nawaapia, neno hapana lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nilitaka kusema, mama, nisamehe, imeondolewa, tupeni muda.

Kabla halijatoka nikasikia mwanaume nyuma yake akisema kwa sauti ya kebehi, "Si niliwaambia? Mliambiwa mtoe nywele mkatoa, sasa nendeni mkaulize zimepelekwa kwa mganga gani!" Wanaume wakaangua kicheko. Milka hakucheka. Nilisikia pumzi yake tu, na akasema taratibu, karibu kunisihi:

"Daktari? Inasomeka?"

"Inasomeka, mama," nikasema.

Vigelegele vilivyolipuka Osiri vilifika hadi pale getini Homa Bay. Mama Zilpah aliniangalia, akaziba mdomo kwa mkono wenye unga. Alikuwa anaijua sura ile. Ameivaa mwaka wa pili sasa.

"Daktari amesema inasomeka!" Milka alikuwa akipiga kelele. "Haya cheka tena! Cheka!"

Kisha nikasikia simu ikipokezanwa, mkono kwa mkono, na mwanaume mwingine akazungumza, mpole, mwenye adabu za ofisini.

"Halo, Daktari. Mimi ndiye ofisa. Simu yangu iko hapa na intaneti iko sawa. Nielekeze tu, nibonyeze wapi?"